Kiti cha Dirishani

Jumanne, 12 Machi

Nimempiga mtu na kibodi leo. Ni ile mbovu iliyokuwa juu ya kabati, imeshang'oka herufi kadhaa, lakini nimempiga nayo vizuri, sikioni, na wala sijutii. Nimeshasema mara ngapi kwamba kompyuta haipigwi teke? Mtu anauawa mchezoni kwa uzembe wake mwenyewe, halafu hasira anakuja kuzimalizia kwenye mashine yangu. Haya, na mimi zangu nimezimalizia kwake. Ukumbi mzima ukacheka, na yeye mwenyewe akacheka huku kashika sikio: "Fundi, wewe si mtu, wewe ni askari jela!" Nikamwambia kaa chini ucheze, na hiyo miguu ikunje.

Mvua imeanza, ndiyo maana. Mvua ikianza, watu wa gereji hawawezi kufanya kazi nje, kinu cha nafaka hakipokei mizigo, na wanaume wote wa mtaa wanahamia kwangu na matope yao. Mashine ninazo nane. Zote nimeziwekea Linux kwa mkono wangu, kwa sababu ni kuukuu na nilikuwa nimechoka kukimbizana na virusi kila wiki. Mwanzoni walinisema weee! Eti mfumo wa bure, mfumo wa watu wa ofisini, hauchezi michezo. Nikawanyamazia. Ule mchezo wa bunduki wanaoupenda haukutengenezwa kwa ajili ya Linux, kweli, lakini kuna programu ambayo mimi naiita mkalimani. Inakaa katikati: mchezo unasema lake, mkalimani anaigeuzia mashine ielewe. Nilihangaika nao mpaka nikakonda. Siku ulipofunguka walininyanyua juu juu, nusura wanigonge kichwa kwenye feni.

Ukumbi una sheria mbili na zote si zangu. Ya kwanza: anayeshinda hanyanyuki. Mashine ya dirishani ndiyo ya bingwa, na bingwa anakaa pale mpaka apatikane wa kumng'oa. Ya pili: mwizi wa mchezo anatolewa nje kwa makofi na viatu vyake vinarushwa juu ya bati. Mwamuzi ni kinyozi wa mlango wa pili. Hachezi, hajawahi kushika mausi maishani mwake, ila mdomo anao.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Pedi mbili za kuchezea hazisomeki. Moja ilikuwa kebo tu, nyingine imemwagiwa chai na hakuna aliyeimwaga, eti.

Jumanne, 19 Machi

Kadi ya picha imefika! Ya mtumba, lakini ni mpya kuliko kitu chochote humu ndani. Nimeifunga kwenye mashine ya dirishani, nikawasha. Feni inazunguka, skrini nyeusi tii. Nilijua tu. Linux niliyoiweka ni ya zamani kuliko kadi yenyewe, haijapata hata kusikia habari zake. Ikabidi nichukue kiini kipya cha mfumo, kile ambacho bado hakijatulia, nikiweke kwenye mashine hiyo moja peke yake, na ile programu ya kuisemesha kadi nikaijenga mwenyewe humo humo. Imekataa. Nimejenga tena. Imekataa. Nimetukana matusi ambayo mama akiyasikia atanifukuza nyumbani.

Nyundo alikuja kunichungulia begani. Huyu ni mchomeleaji wa gereji, mtu mzito, shingo na kichwa hujui kimoja kinaanzia wapi. Akaniambia, "Ipige kofi moja, dada, itawaka." Nikamwambia akajaribu kwanza kwa mkewe atuletee majibu. Mkewe ni mshonaji wa dirisha la ng'ambo, ana mkasi mrefu kuliko mkono wa mtu. Akaondoka zake kanuna.

Jioni ikawaka. Picha inateleza, hakuna kukwama hata kidogo. Wa kwanza kukaa alikuwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye huku kila mtu anamwita Kidole kwa wepesi wake. Tangu wamfukuze kule kinuni hakuwa na raha. Alimjibu msimamizi, wakamtoa, ndivyo alivyotueleza. Leo amecheka mpaka magego yanaonekana. Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka hivyo, na nimefurahi kupita kiasi.

Jumanne, 26 Machi

Kidole bado amekalia kiti cha dirishani. Nyundo amejaribu kumng'oa kila siku na kila siku anatoka mikono mitupu. Leo ameupiga ukuta ngumi, plasta imeanguka. Nimemtolea uvivu mbele za watu, nikamwita ng'ombe. Yule mtu simpendi, anapumua kwa kishindo.

Jumamosi, 30 Machi

Muuza vocha amekamatwa anachungulia skrini ya mwenzake. Kinyozi amekata hukumu palepale, kashika wembe wake mkononi, mteja kamwacha na kichwa nusu. Wakampiga makofi wakimsindikiza mpaka mlangoni, viatu vikaruka juu ya bati, tobo! tobo! Mtu kabaki kwenye matope pekupeku anaruka kufuata viatu vyake na mvua inamnyeshea. Nimecheka mpaka nikashika mbavu. Kidole alikuwa wa kwanza kunyanyuka kwenda kupiga, naye kiti chake hata hakikuwa kimeguswa, hakuwa na hoja yoyote na yule mtu.

Nilipokuwa nadeki nimekuta damu kizingitini, ya sikio nadhani. Nimeipitishia dekio.

Jumamosi, 6 Aprili

Nisipoandika sasa sitaandika tena.

Asubuhi mchezo ulijisasisha wenyewe kwenye mashine zote. Sikuona ajabu, huwa unafanya hivyo. Baada ya saa sita wakaanza kumiminika, kwa sababu ilishatangazwa kwamba leo ni Nyundo na Kidole, kufa kupona, watu wa gereji upande mmoja na wa kinu upande mwingine. Sikuweza hata kupita kwenda kufungua dirisha. Vioo vyote vilikuwa vimeshika mvuke wa pumzi.

Kidole alikuwa anashinda. Nasema hivi si kwa sababu ni damu yangu, kila mtu aliona. Amembana Nyundo kwenye ghorofa ya jengo la mchezoni, hana pa kutokea. Anamsogelea. Watu wameacha hata kukohoa. Mara skrini ya Kidole ikaganda, ikawa nyeusi, na katikati yakatokea maandishi mekundu.

Kinyozi akayasoma kwa sauti, polepole, kwa sababu ya macho yake: "Udanganyifu umegunduliwa. Mchezaji ameondolewa."

Kidole alinigeukia. "Dada, mimi sijafanya kitu."

Sikupata hata nafasi ya kumjibu. Wa kwanza alimvuta kwa kola kwa nyuma, kiti kikaanguka naye. Makofi yakawa mateke papo hapo. Nilisikia, "Wiki tatu anatuibia! Wiki tatu!" Nilipanda juu ya meza, nikaruka juu yao, nikapiga yeyote niliyemfikia. Mtu alinipiga stuli ya mgongo, hewa ikanitoka. Kidole alikuwa chini, amekinga uso kwa mikono, na buti la mtu likashuka kwenye ule mkono wa kulia, mara moja, mara ya pili. Nilisikia vidole. Sitaki kuandika jinsi vilivyolia.

Halafu nikamwona Nyundo amemkaba shingo kwa mkono mmoja anamburuta. Nikamrukia. Nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu, na hakumwachia. Akatoka naye mpaka mvuani. Nilipofika nje sikumwona Nyundo kwenye fujo ya mlangoni, Kidole amelala kwenye kibaraza cha mshonaji, na mshonaji amemwekea kitambaa cha suruali ya mtu usoni kuzuia damu.

Jumapili, 7 Aprili

Vidole viwili vimevunjika, jicho la kushoto limefunga, meno ya mbele mawili hayapo. Daktari kamfunga mkono mzima. Mama hajasema na mimi tangu jana isipokuwa mara moja tu, akiwa anamnywesha uji: "Ni wewe uliyemkalisha pale."

Jumatatu, 8 Aprili

Sikufungua. Nimeingia kwa mlango wa nyuma, nikakaa kwenye mashine ya dirishani, nikacheza mimi mwenyewe. Mimi ambaye sijui hata kulenga. Muda si mrefu: skrini nyeusi, maandishi mekundu. Udanganyifu umegunduliwa! Nimehamia mashine nyingine, nimecheza mpaka nimechoka, kimya. Nimerudi dirishani, imenitoa tena.

Nimesoma kila kitu mashine ilichoandika humo ndani, na nimewasoma mtandaoni wenzangu wa Linux wa nchi za watu wanaolalamika jambo hilihili. Ni hivi. Ule mchezo umeletewa mlinzi mpya. Kazi yake ni kuchungulia ndani kabisa ya mashine kuona kama mchezaji ameficha programu ya wizi. Kwenye zile saba anakuta Linux anayoifahamu, anatulia. Kwenye mashine ya dirishani anakuta kiini kigeni na programu ya kadi iliyojengwa nyumbani, na aliyeijenga ni mimi. Hakifahamu anachokiona, basi anasema wizi. Atamtoa yeyote atakayekaa pale, hata akiwa mama yangu na miwani yake.

Nimekwenda kwa kinyozi nikamweleza neno kwa neno. Amenisikiliza huku anapulizia nywele kwenye mashine yake ya kunyolea. Akasema, "Fundi, mashine haina mjomba wala shangazi. Ya nini iseme uongo?"

Nilitamani kumnyoa mimi, mpaka kwenye ngozi.

Jumanne, 9 Aprili

Wametupa tope kwenye mlango wa mama. Mtu amepita anapiga kelele kwamba Kidole akitoka nje, ule mkono mwingine nao utafungwa.

Alhamisi, 11 Aprili

Mshonaji kaja, futi yake ya kupimia shingoni kama kawaida. Kasimama mlangoni, hakuketi.

"Jirani, mume wangu ana alama za meno yako."

"Na mdogo wangu ana alama za mume wako."

"Za mume wangu? Umeota. Nilikuwa dirishani pangu, nimeona yote. Kamtoa mdogo wako mle ndani, kamweka kwenye kibaraza changu, karudi akasimama mlangoni kwenu kazuia watu wasimfuate. Wamempiga na yeye. Mbavu hazimpi usingizi. Na dawa ya kidonda cha meno nimenunua mimi."

Nimejisikia nimepungua mwili mzima. Yule mtu niliyekuwa namwita ng'ombe mbele za watu.

Baadaye kaja Nyundo mwenyewe, kafungwa bandeji mkononi, akawa anaangalia dari.

"Samahani, dada."

"Wewe ndiye unaniomba samahani? Mimi ndiye niliyekung'ata!"

"Basi samahani sote." Akakohoa, akashika ubavu. "Ni kweli mashine ilisema uongo?"

Nikamkalisha, nikamwonyesha. Nilidhani nitaongea mpaka kesho. Ameelewa upesi. Akasema hata gereji wana mita moja ya umeme inayolia kila ikiona waya isiyouzoea, na waya hauna kosa. Halafu akafikiri sana.

"Kumweleza kinyozi ni kazi bure. Watu wanataka kuona. Nikalishe mimi pale Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi ukiwa umejaa. Hakuna atakayesema mimi namtetea Kidole kwa upendo, wote wanajua tulivyo. Ikinitoa na mimi, wataelewa."

"Na wasipoelewa?"

Kacheka. "Watanipiga mimi? Nani?"

Nimelia alipoondoka. Nilikuwa sijalia tangu siku ile.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimefungua ukumbi, wamekuja wachache. Mashine ya dirishani nimeifunika shuka.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimemweleza Kidole mpango wetu. Alikuwa ameketi kitandani anafinyafinya mpira mdogo kwa mkono wa kushoto. Nimemwambia kwamba Nyundo ndiye aliyemtoa, kwamba anataka kumsafishia jina. Ameniangalia kwa lile jicho moja.

"Kwa hiyo atakaa kwenye kiti changu."

"Atakaa ili watu waone."

"Na aje," kasema. Akaomba chakula. Amekula sahani mbili, mara ya kwanza tangu yamkute. Mama kanishika bega akipita, nami nikaona mambo yanaanza kutengemaa.

Jumamosi, 20 Aprili

Walijaa mpaka mlangoni, na nje wengine wamejifunika mifuko ya plastiki. Kidole alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango wa stoo, kofia imefunika jicho. Watu walipomwona walinung'unika, Nyundo akawaambia, "Yupo kwa ruhusa yangu. Mwenye neno aniambie mimi."

Nikasimama juu ya stuli, nikaeleza. Nimeeleza vizuri, najua nimeeleza vizuri. Kwamba kadi ni mpya, kwamba kiini cha mashine hii si sawa na za wenzake, kwamba mlinzi wa mchezo anaona kitu asichokijua anapiga kelele. Nikasema: "Nyundo hajawahi kuigusa mashine hii. Hajaweka kitu, hajui hata inawashwa wapi. Itamtoa. Mkiona imemtoa, mjue na Kidole ilimwonea." Watu wakaitikia, "Haya, tuone."

Nyundo akakaa. Kiti kililalamika. Akacheza na mtu wa kinu aliyekuwa mashine ya pili, na nasema kweli, alicheza vizuri, kwenye ile mashine kali alikuwa mtu mwingine. Kaua mmoja, kaua wa pili. Watu wa gereji wakaanza kushangilia wakasahau kilichowaleta. Hata yeye alisahau. Alikuwa anatabasamu.

Skrini ikawa nyeusi. Maandishi mekundu.

"Mmeona?" nikapiga kelele. "Mmeona sasa?"

Kinyozi akasogea, akainama, akasoma mwanzo mpaka mwisho kama vile ni mara ya kwanza. Akanyanyuka, akasema, "Kumbe wote wawili."

"Si wote wawili! Ni mashine!"

"Wote wawili," akasema tena, sasa anawaambia watu. "Walikuwa wanatuchezea shere. Mmoja anashinda, mwingine anajifanya kushindwa. Ndiyo maana alimtoa siku ile asipigwe sawasawa."

Nikaona jambo linapita usoni kwa watu, nyuso zilezile zilizokuwa zinashangilia. Nyundo alikuwa bado ameketi, kawageukia, kanyanyua mikono miwili wazi. "Jamani. Jamani, si tumeambiwa?"

Nikamwona Kidole anasimama kule nyuma na kuja mbele, watu wanampisha. Nikadhani anakwenda kumpa mkono. Namwapia Mungu nilidhani hivyo, na hata nilimpisha. Sikuiona nondo, ile ninayofungia mlango wa stoo, alikuwa ameibana kwa ndani ya mguu, kwa mkono wake wa kushoto, mzima.

Alimpiga nyuma ya kichwa. Nyundo hakupiga kelele. Alisema "Ah," kama mtu aliyekumbuka kitu, akalala usoni juu ya kibodi. Kidole akampiga tena. "Mwizi!" anasema, na pale yalipokuwa meno yake neno linatoka na mate. "Mwizi! Mwizi!" Hapo ndipo wengine walipoingia. Wa kinu, na wa gereji wenzake vilevile, watu aliokula nao mchana. Walimvuta chini wakamkanyaga. Nilikimbilia swichi kuu nikazima umeme wote, nadhani nilifikiri wataacha. Hawakuacha. Mchana mweupe, wanaona vizuri tu, wanahitaji umeme wa nini?

Nimevuta mashati, nimevuta nywele, nimempiga kinyozi uso kwa ngumi akaanguka na miwani yake. Sikumfikia. Walitawanyika wenyewe ghafla, na nikaona sababu: mshonaji amesimama mlangoni, mkasi mkononi, na hakuna aliyetaka kupita karibu naye. Akaja akapiga magoti kwenye maji na vioo. Akaanza kumfungafunga kichwa kwa ile futi yake ya kupimia. Anaizungusha, inaloa, anaizungusha.

Jumapili, 21 Aprili

Hajaamka. Mashine tano zimekufa. Sijali.

Jumatatu, 22 Aprili

Nyundo amefariki leo asubuhi.

Askari wamepita mlango kwa mlango. Kila mtu anasema ni umati. Nani alianza? Umati. Kinyozi ana plasta puani, kawaambia, "Afande, watu wengi, huwezi kumjua nani ni nani." Wakaniuliza mimi, nikasema niliangushwa chini, nitarudi kueleza nikipata nguvu. Ndivyo nilivyosema. Naliandika neno kwa neno nilione.

Kidole yuko kwa mama, chumba cha ndani. Nilimkuta ameketi palepale kitandani na ule mpira wake.

Nikamwuliza: "Wewe ulijua mashine inasema uongo?"

"Nilijua."

"Ulijua kwa sababu ilikusingizia wewe."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini?"

Akaufinya ule mpira. Halafu akasema, taratibu kabisa, bila hasira: "Wote walikuwa wananiangalia mimi, dada, wiki mbili nzima. Ilipoandika vile wakaacha kuniangalia."

Mama alinivuta mpaka jikoni. Akanishika mikono yote miwili, akaniambia ni mmoja tu aliyebaki wa kiume, kwamba Nyundo ameshakufa na kusema hakutamfufua. "Nilishamficha mara moja, nitamficha tena. Unadhani kinuni walimfukuza kwa maneno? Alimpiga msimamizi koleo la kichwa. Nilikwenda mimi kupiga magoti."

Nilikuwa namtazama mama na simfahamu. Miaka yote namwona ni mtu wa kulia upesi. Na Kidole nimembeba mgongoni, nimemwogesha, nimempa kiti kizuri kuliko vyote nilivyonavyo, na msimu mzima kazi yangu imekuwa kutafuta nani anataka kumuumiza.

Alhamisi, 25 Aprili

Wamemzika. Nilisimama mbali. Watu wa gereji ndio waliobeba jeneza, mmoja wao nilimwona siku ile anapiga, na leo alikuwa analia kwelikweli, makamasi yanamtoka. Sielewi watu.

Jumamosi, 27 Aprili

Mshonaji amenisubiri nje ya ukumbi. Amevaa nguo nyeusi aliyoishona mwenyewe, pindo halijamalizwa.

"Jirani, nakuuliza kitu kimoja tu. Wewe uliongea naye, ulijua mashine yako. Mume wangu aliiba?"

"Hakuiba."

"Kidogo tu? Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Alikaa pale kwa ajili yetu."

Akatikisa kichwa, akajipangusa. "Basi nimeshapata. Watu wananiambia mambo mengi dukani, nilitaka kusikia kwako." Akageuka aende zake. Hakuniuliza nani alipiga kwanza. Angeniuliza ningeweza kumchukia, ningeweza kujitetea. Nikamwita. Nikamwambia nani, na wapi alipo, na kwamba nilimpisha njia. Mvua ilikuwa inanyesha rasharasha, naye alisimama tu inamlowesha. Akasema, "Twende wote."

Kituoni askari alinitaka nitaje jina. Nikaanza kusema Kidole, akasema hapana, jina. Nikamtajia lile alilopewa na mama, yote matatu, nikayarudia ayaandike vizuri.

Wamekwenda kumchukua jioni hiihii. Mama alishika mlango kwa mikono miwili, wakamtoa mkono mmoja mmoja. Hakupiga kelele. Aliponiona nimesimama na mshonaji uani, alinitemea mate, yakaniishia shingoni. Sikuyafuta.

Kidole alitoka amevaa shati lake safi, mkono wa bandeji mbele. Hakutaka kukimbia. Alipofika karibu nami alisimama, askari wakamwacha asimame, na akanisemesha kwa ile sauti aliyokuwa akinisemesha nayo utotoni akitaka nimtetee.

"Dada, waambie ni mashine. Wewe ndiye unayejua. Waeleze kama ulivyotueleza sisi, watakuelewa. Waambie ni mashine."

Askari mkubwa akanigeukia, kalamu tayari, kweli kabisa anataka kujua. "Mashine gani hiyo? Ilimfanya nini marehemu?"

Nikamwambia ilimtoa mchezoni, basi.